Mimea Miwili Nyuma ya Managu

Jumanne, 11 Machi 2025

Dawa ya mume wangu Barnabas imefika. Mtu wa vifurushi alinikabidhi mlangoni, nikatia sahihi. Vikopo viwili vyenye jina lake, jina la daktari na kipimo.

Bangi. Naliandika neno lenyewe hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Miezi minane sasa, na bado nikilitaja sauti inanishuka. Baba yangu alikuwa naibu wa chifu kule Nyamira. Nimeona watu wakipelekwa ndani kwa msokoto mmoja. Na mimi hapa nimetia sahihi na kumwambia kijana ahsante.

Lakini nimeona pia ile miezi ya kabla. Tangu rafu ya ghala ilipomwangukia, mguu wa kushoto unawaka moto tu, mchana na usiku. Vidonge vya kwanza vilimfanya awe mtu wa kukodoa macho ukutani. Hii anavuta mvuke wake kwenye kimashine mara tatu kwa siku, na anaweza kukaa mezani hadi chakula kiishe. Imeandikwa na daktari bingwa, imeletwa na famasia. Halali kabisa. Hata kimashine kina karatasi yake.

Wazoa taka wamegoma kabisa kuanzia leo. Mifuko myeusi imefika dirishani kwa jirani.

Alasiri simu — Mzee Jayantilal, mwenye nyumba. Kuna mtu mtaani amelalamika harufu. Si ya taka, harufu ile nyingine. Anakuja Jumamosi. Aliniita Sister, kama kawaida yake, lakini hakuniuliza habari za unesi wangu wodini. Huwa anauliza.


Jumamosi, 15 Machi 2025

Amekuja, ameenda. Nashukuru.

Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asijisumbue. Ana miaka sabini na sita, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakijahama Kisumu. Tulipokuja, maajenti wawili walitukataa kwa kukosa mdhamini mwenye nyumba hapa Uingereza. Yeye aliuliza tu mimi ni nesi wa wapi, na Barnabas ni mtu wa wapi. Akatoa funguo.

Nilimwekea karatasi zote mezani. Barua ya kliniki, cheti cha daktari, vikopo. Alizisoma moja moja, kidole kikifuata mistari. Akamuuliza Barnabas habari za mguu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Hii ya kununua, sawa. Sheria inakubali. Lakini kupanda? Watu wa insurance wananiuliza, Sister. Mimi nataka neno yako."

"Hatupandi, Mzee. Hakuna."

Nilimtazama machoni nikisema. Barnabas alikuwa anakoroga chai yake. Hata sukari hajatia.

Akapita vyumba vyote. Kwenye kale kachumba ka juu alisimama mlangoni akacheka. Shamba la Barnabas! Tangu Oktoba ameweka taa ya kukuzia mimea na ndoo za udongo, anapanda managu, mboga za majani za kwetu. Nilifurahi alipoanza. Mtu aliyekuwa akibeba mizigo siku nzima, sasa hawezi kufunga kamba za kiatu, angalau ana kitu cha kuamkia. Nusu ya kina mama wa kanisa wanakula kutoka kachumba hako. Mzee alisema mama yake alikuwa anainunua sokoni Kibuye, kwao wanaita osuga. Nilimchumia fungu zima. Aliliweka chini ya koti lisipigwe na mvua.

Akasema ataandikia bima mwenyewe, kwa mkono wake.


Jumatatu, 17 Machi 2025

Zamu ndefu. Wagonjwa wawili wameanguka, hakuna aliyevunjika.

Wakati wa mapumziko Mzee amenitumia picha ya barua. Ukurasa mmoja wa Kiingereza kizuri cha zamani. Kwamba tumekaa kwake miaka minne. Kwamba ameingia kila chumba yeye mwenyewe. Kwamba dawa ni ya daktari na hakuna kinachooteshwa ndani ya nyumba ila mboga. Chini, sahihi yake.

Nilimwonyesha Barnabas. Alisoma, akanirudishia simu, akageuza uso. Nikadhani ni mguu.


Alhamisi, 20 Machi 2025

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Leo sikuwa kazini. Kerubo wa kanisani amejifungua, nikasema nimpelekee managu, ni nzuri kwa maziwa. Barnabas alikuwa bafuni, maji ya moto humpa nafuu. Za mbele zilikuwa changa, nikavuta ndoo kubwa ili nifikie za nyuma.

Nyuma yake kuna pazia la karatasi ya kung'aa, ile ya kufunikia chakula. Nilidhani ni ya kurudisha mwanga. Nikalisogeza.

Mimea miwili. Inanifika juu ya goti. Majani ya vidole saba. Nimetoka kijiji ambacho kila mtoto anayajua majani hayo, kwa sababu kila mtoto aliambiwa ayakimbie.

Nikarudisha pazia. Nikarudisha ndoo. Nikafunga mlango polepole, sijui kwa nini polepole. Nikakaa kwenye ngazi na managu ya Kerubo mapajani.

Jumamosi Mzee alisimama hatua mbili kutoka pale. Fungu langu mkononi. Neno langu mfukoni.


Ijumaa, 21 Machi 2025

Jana sikusema kitu. Leo nimesema.

Hakukana. Hilo namkubalia. Alizima redio, akasema alikuwa anajua nitaiona, na kwamba kila siku nilipokosa kuiona alikuwa anachoka zaidi.

Tevin, aliyefanya naye kazi ghalani, ndiye aliyemwambia kuwa mwenye cheti cha daktari anaruhusiwa miwili. Mbegu aliagiza kwenye mtandao, zikaletwa na posta mchana kweupe, pakiti ina jina lake. Angedhanije ni kosa? Nikamuuliza: kama hukudhani ni kosa, pazia la nini?

Nilifungua ukurasa wa serikali kwenye simu nikamsomea. Mbegu kuuzwa si kosa. Kuziotesha ndilo kosa. Cheti cha daktari hakibadilishi kitu, unatakiwa leseni, na leseni ni ya makampuni yenye ua na walinzi, si ya mtu na ndoo. Mmea mmoja au mia, jina la kosa ni lile lile. Miaka ya jela nayo imeandikwa. Nilisoma mpaka hapo, nikaweka simu chini.

Namba yangu ya unesi. Miaka kumi na tisa ya kazi iko ndani ya namba hiyo. Na Mei tunapeleka maombi ya makazi ya kudumu, kwa jina langu, yeye akiwa chini yangu. Kila fomu inauliza kama una kosa.

Akasema, "Unakumbuka Januari?"

Nakumbuka. Famasia iliishiwa wiki tatu. Alilala sakafuni bafuni kwa sababu vigae ni baridi. Aliuma taulo nisimsikie nikilala kabla ya zamu. Nilimsikia.

"Nilisema haitanipata tena hivyo," akasema. "Basi. Hakuna mpango mwingine wowote. Sitaki kuuza, sitaki kumpa mtu. Wiki nne au tano tu, nitavuna, nitaacha."

Ninampenda mtu huyu. Sijui kwa nini nimeliandika hilo hapa. Sikumwambia yeye.


Jumapili, 23 Machi 2025

Kanisani peke yangu. Kila mtu: Barnabas yuko wapi, na managu je? Mama mmoja anataka mafungu matatu kwa sherehe ya Kerubo. Nikasema zimedumaa. Uongo wa kwanza ndani ya kanisa. Ulitoka bila kukwama.

Nimerudi nikamkuta ameshika simu. Ujumbe wa famasia. Dawa yake haipo, shehena imechelewa, labda wiki ya kwanza ya Aprili. Amebakiwa na ya siku mbili, tatu akijinyima.

"Unaona?" akasema.

Hakusema kwa kujigamba. Alikuwa na hofu. Ingekuwa rahisi kama angejigamba.


Jumatatu, 24 Machi 2025

Mzee amepiga. Ukuta wa juu una unyevu, jirani wa upande wa pili amelalamika. Alhamisi saa nne asubuhi mwanawe Paresh anakuja na Charanjit, fundi, wapime kuta zote. Mpaka kale kachumba. Aliomba radhi kwa usumbufu! Akasema osuga ilikuwa tamu, alipika mwenyewe na maziwa.

Paresh nimemwona mara moja. Ndiye anayesimamia nyumba zote sasa. Hakuvua viatu, na sikutegemea avue, ila niliona.

Barnabas anataka tuipakie ile mimea kwenye gari twende kwa Tevin, mtaa wa Sparkhill, ikae mpaka Ijumaa. Barabara ya Stratford, magari yamebanana, abiria wa mabasi ya ghorofa wanatazama chini ndani ya gari lako, na mimi nesi nikiwa kwenye usukani. Nikasema hapana. Akasema ataendesha yeye. Nikamuuliza kwa mguu gani.

Tulikuwa tunanong'ona. Nyumba nzima ni sisi wawili, na tunanong'ona.


Jumanne, 25 Machi 2025

Nimetoka zamu ya asubuhi, nimechukua mkasi wa jikoni, nimepanda juu.

Alikuwa ameketi pale sakafuni, mgongo ukutani, mguu umenyooshwa. Dawa ya mwisho alivuta jana. Hakunizuia. Alisogea kidogo nipate kupita.

Kazini nauliza watu ishirini kwa siku: maumivu yako ni ngapi kati ya kumi? Nauliza huku naandika. Leo nilimwangalia mume wangu akitoa jasho kwenye chumba cha baridi na sikuweza kumuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshika mkasi.

Nimerudisha mkasi kwenye droo.

Kesho sina zamu. Kuna barua yenye sahihi ya mzee wa watu, na keshokutwa mwanawe ataingia mle ndani na kukuta baba yake ni mwongo. Hilo haliniachi. Jela sijui inafananaje. Uso wa Mzee naujua.


Jumatano, 26 Machi 2025

Nataka kuandika siku hii kwa mpangilio.

Saa nne na nusu nilimwambia Barnabas naenda kununua unga. Sikujiamini kuendesha gari, nikapanda basi la mjini, kisha la Great Barr anakokaa Mzee. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi, na kila nikifika katikati inavunjika.

Mzee alifungua mwenyewe. Paresh yuko kazini. Nyumba safi, ina harufu ya bizari na nguo zilizopigwa pasi. Akaanza kushughulika na chai. Nikamwomba akae kwanza.

Nilimwambia yote. Kwamba kuna mimea miwili, kwenye kachumba, nyuma ya ndoo. Kwamba ni ya Barnabas, lakini mimi ndiye niliyetoa neno. Kwamba famasia haina dawa. Sikulia. Nilikuwa nimejiapiza nisilie, ili asije akanihurumia kabla hajaelewa.

Alivua miwani, akaiweka mapajani.

"Mimi nimetia sahihi," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Siku ile ulijua?"

"Siku ile sikujua. Nilijua Alhamisi."

"Leo ni Jumatano."

Ni kweli. Siku sita. Nilienda kanisani katikati yake.

Akasimama akaenda dirishani. Akasema polepole kwamba nyumba zote sasa ziko kwa jina la Paresh, kwamba yeye amebaki kukusanya funguo na kunywa chai na wapangaji. Kwamba hawezi kumficha mwanawe jambo lililo ndani ya nyumba ya mwanawe. Atamwambia leo akirudi. Paresh atafanya nini, hajui. Paresh amekulia hapa, anapenda mambo yafuate karatasi.

Nikamwambia naelewa. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Aliniita Kwamboka, si Sister. Miaka minne na sikujua kama analijua jina langu.

Kwenye basi nilijisikia mwepesi. Niandike ukweli: mwepesi kabisa. Hata nikasinzia.

Nimefika nyumbani saa nane. Ngazi zina udongo. Kuanzia juu mpaka mlangoni, alama ya kitu kilichoburutwa. Nikapanda mbio.

Kachumba ni kitupu. Taa imezimwa. Ndoo zimepangwa moja ndani ya nyingine. Hakuna pazia. Hakuna mimea miwili, na hakuna managu hata jani moja. Barnabas amelala chali sakafuni, mikono myeusi.

Amekata yote peke yake. Kaikatakata vipande vidogo, kaichanganya na udongo, mifuko minne. Ameishusha ngazi kwa ngazi akiwa ameketi, mfuko mapajani, mmoja mmoja. Ameitupa kwenye lundo la barabarani pamoja na taka za mtaa mzima.

Nikamuuliza managu zilikosa nini.

"Kikibaki chochote humu nitaanza tena," akasema. "Najijua." Kisha akasema, "Jana ulirudisha mkasi. Nilisikia droo. Nikasema huyu hatanikatia, na hatanisemea, atakaa tu aangamie na mimi. Sikutaka hiyo."

Nilikaa chini kando yake. Ikabidi niseme.

"Nilikwenda Great Barr. Nimemwambia Mzee."

Alifumba macho. Akauliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa sita na kitu."

"Nilianza kukata saa tano," akasema.

Saa nzima kabla sijafungua mdomo. Nililowesha taulo nikamfuta mikono. Udongo umeingia chini ya kucha, hautoki.

Nimempigia Mzee simu mara tatu kumwambia kwamba imekwisha, haipo. Haipokelewi. Na hata akipokea — nitampa tena neno langu?


Alhamisi, 27 Machi 2025

Saa tatu na dakika arobaini. Naandika mezani jikoni, kwa sababu nikikaa bure mikono inatafuta kazi. Nimeshasugua ngazi mara mbili.

Barnabas amenyoa ndevu. Amevaa koti la kanisani. Asubuhi hatimaye nilimuuliza, ngapi kati ya kumi? Akasema nane. Kisha akasema tisa. Nilimpa vidonge vile vya zamani, akavimeza bila ubishi.

Wodini nimeomba ruhusa ya dharura. Wameniuliza ni dharura gani, nikasema ya nyumbani.

Mtaani mifuko imeongezeka. Paka mmoja amechana ule wa mwisho kulia. Kutoka hapa naona udongo mweusi umemwagika kwenye lami. Niende nikazoe? Mtu akiniona nazoa udongo wa taka barabarani nitasema nini? Nimesimama, nimekaa.

Saa nne kasoro tano. Gari la Paresh. Ameegesha kando kabisa ya mifuko.

Fundi hayupo. Hakuna Charanjit, hakuna gari la vifaa. Ni Paresh, na mbele kando yake Mzee, mkanda bado amefunga. Paresh ameshuka. Yuko kwenye simu, anatazama dirisha la juu, la kachumba, anaongea na mtu. Anatikisa kichwa huku akisikiliza. Mzee hashuki. Anatazama mbele tu.

Kengele.

Nimeinuka. Barnabas ameniwekea mkono begani, akanikalisha taratibu.

"Kaa," amesema. "Wewe umeshasema yako. Hii ni yangu kusema."

Ameshika fimbo yake ya kutembelea. Ameiacha. Ameegemea ukuta badala yake, anakwenda, mguu unaburuta. Nahesabu hatua zake na huku naandika.

Kengele tena.

Mlango umefunguka. Baridi imeingia mpaka hapa mezani. Namsikia Barnabas akitaja jina lake, majina yake yote matatu, kama mtu anayejibu mahakamani, kabla Paresh hajamuuliza chochote.